Mikebe Miwili Rafuni

Tulimzika Mama Gathoni Ijumaa moja huko Endarasha, katika shamba lake lililo nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. Mazishi yalikwisha saa saba, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekaa juu ya viazi vya jirani. Wakati wa chakula nilimwona mwanamke mnene mwenye koti la kijivu akienda kando ya hema. Alifungua kijifuko, akainua blauzi kidogo, akajidunga sindano tumboni, akajifunika na kurudi kupanga foleni ya mukimo wa viazi bila haraka. Watu wawili watatu walitazama pembeni kwa heshima. Mimi nilimkodolea macho, kwa sababu nilikuwa nimeijua ile shingo kabla hajageuka. Alikuwa Nafula, niliyeishi naye chumba kimoja mjini Nyeri kwa mwaka mmoja, na sasa ilikuwa miaka kumi na tisa tangu tuonane.

“Mukami, umezeeka,” aliniambia, akanikumbatia na sahani mkononi.

“Na wewe umenona.”

“Asante,” akasema, na akacheka kwa dhati. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, neno hilo lingemliza mpaka asubuhi. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, nyuma kidogo, mbali na spika. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri ya jana yake kutoka Bungoma, akalala Nakuru, kwa ajili ya mama ambaye hakuwa wa damu yake wala wa kabila lake. Akaniuliza kama bado nakunywa ile poda. Nilicheka. Kuna jambo moja la mwaka ule ambalo sikuwahi kumwambia Nafula, wala daktari, wala Mama Gathoni mwenyewe, ingawa huyo wa mwisho nadhani alilijua. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba ikiwa Nafula atakuja, leo nitalisema.

Ploti ya Mama Gathoni, aliyekuwa mwenye nyumba wetu, ilikuwa mtaa wa Kamakwa, vyumba sita vya mawe vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, na huko nyuma jiko lake la kuni na zizi la ng'ombe mmoja. Mimi na Nafula tulikuwa na chumba cha mwisho, kile kinachopakana na jiko. Tulikigawa kwa pazia la maua mekundu: upande wa dirisha wake, upande wa mlango wangu. Ukutani kulikuwa na rafu moja ya mbao aliyoipigilia fundi mlevi, ikainamia kushoto, hivi kwamba kila ulichoweka juu yake kilikuwa kinasogea polepole kuelekea upande wangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, karani katika ofisi ya wakili karibu na mahakama. Nafula alikuwa na ishirini na sita na alifundisha darasa la tatu. Alikuwa mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa, na alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akila ugali wenye ukubwa wa tofali na kisha kuuliza chakula ni saa ngapi. Alipenda kututania watu wa huku: “Nyinyi mnaweka viazi kwa kila kitu. Siku moja nitapata viazi kwa chai.” Mimi nami sikuwa mwembamba. Tulikuwa wasichana wawili wanene wenye furaha, na laiti tungeachwa hivyo.

Lakini hatukuachwa. Mwezi wa kwanza, mwenzangu wa ofisini alikuwa anaolewa na akaniteua niwe mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi. Fundi wa nguo, mzee mwenye tepu shingoni, alinipima kiunoni, akaandika, akanipima tena kana kwamba tepu imekosea, kisha akamwambia msaidizi wake kwa sauti ya kawaida kabisa, “Huyu tutaongeza kipande kwa upande, kitambaa haitatosha.” Wasimamizi wengine watano walikuwa wamesimama hapo. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nilirudi nyumbani nikamweleza Nafula, naye akaniambia kwamba watoto wa darasa la tatu walikuwa wamemchora ubaoni, duara juu ya duara. Aliwapa alama za mchoro, akafuta ubao, akaenda kulia chooni. Jumamosi iliyofuata tulijiunga na ukumbi wa mazoezi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa orofa ya juu, juu ya duka la mabati na misumari, na ukiruka kamba vumbi la saruji lilipanda kutoka chini kupitia nyufa za sakafu. Mwenyewe aliitwa Kocha Ndegwa, mwanaume mfupi mwenye mapaja yasiyoruhusu suruali ya kawaida. Ukutani kwake, pale mlangoni, alibandika picha mbili mbili za wateja, “Kabla” na “Baada”, na hakuna aliyeingia pale bila kutamani ukuta ule. Juu ya meza yake kulikuwa na mikebe ya poda ya protini, mifuniko myeusi upande mmoja na ya waridi upande mwingine. “Nyeusi ni ya wanaume, inajenga misuli,” alitueleza. “Ya pinki ni ya madada, inapunguza mwili.” Miezi kadhaa baadaye nilimkuta stoo akijaza mikebe ya rangi zote mbili kutoka gunia moja, naye wala hakushtuka. Alisema kazi ya poda ni moja, watu ndio mbalimbali. Nimekuja kujua kwamba hapo hakuwa anadanganya sana: protini ni chakula tu, na kinachokupunguza ni kile chakula kingine ulichoacha. Lakini mwaka ule nilikiamini kifuniko cha waridi kuliko nilivyoamini mahubiri ya Jumapili.

Masharti yalikuwa haya. Jioni huli. Unachukua kijiko kimoja cha plastiki kilichomo mkebeni, unatia kwenye chupa yenye maji, unatikisa, unakunywa. Na mchana kutwa unywe maji, maji mengi, maana bila maji poda haifanyi kazi. Tulinunua kila mtu mkebe wake, ladha ya stroberi, tukaandika majina kwa kalamu ya wino mzito na kuiweka kwenye ile rafu iliyoinama. Kila jioni saa moja, Mama Gathoni akianza kukaanga vitunguu vya githeri, mahindi na maharagwe yake, upande wa pili wa ukuta, sisi tulikaa kila mtu upande wake wa pazia tukitikisa chupa. Ile harufu ya vitunguu ilikuwa mateso. Nafula alikuwa akisema kutoka upande wake, “Mukami, funga pua, meza.” Mimi nilimeza, lakini Mwenyezi Mungu anajua kwamba kesho yake ofisini nilikuwa na chapati mbili kwenye droo chini ya faili za kesi za mashamba. Nafula hakuwa anaiba. Akisema kitu alikifanya.

Mama Gathoni aliugundua mkebe wangu siku alipokuja kudai balbu aliyodhani tumeichoma makusudi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti kavu, mwenye kujua mambo ya kila chumba, na mimi sikumpenda. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akaonja, akatafakari.

“Hii ni ya ndama,” akasema.

“Si ya ndama, Mama Gathoni. Ni protini.”

“Aca, hapana. Mimi nimelea ndama kutoka nikiwa msichana kule Endarasha. Ng'ombe ikikosa maziwa, unaendea poda kama hii kwa duka ya agrovet, unakoroga na maji ya vuguvugu, unapea ndama. Na unajua hiyo ndama inafanyanga nini? Inanona.” Akafunika mkebe taratibu. “Sasa nyinyi mnataka kukonda na chakula ya ndama. Sawa. Ati hii ndiyo kusoma.”

Jioni hiyo tulimsikia kupitia ukutani akiwasimulia akina mama wa ushirika wa kanisa, waliokuwa wakikutana kwake kila Jumatano. Alisimulia kwa Kigikuyu na mimi nikamtafsiria Nafula kwa kunong'ona, na tulicheka mpaka Nafula akamwaga poda yake kitandani. Hilo la kicheko nalikumbuka sana. Watu wakisimulia habari za ugonjwa huanza na dalili, kana kwamba hakukuwa na siku nzuri kabla yake.

Kufikia mwezi wa nne sote tulikuwa tumepungua kidogo, na gauni la usimamizi lilinitosha bila kipande cha ubavuni. Baada ya hapo mizani ya Kocha Ndegwa ilinigomea. Kila Jumamosi nilipanda, mshale ukasimama palepale, nikashuka. Nafula alipanda, mshale ukarudi nyuma. Ukarudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mashavu yake yaliingia ndani, mifupa ya mabega ikajitokeza, na watu ukumbini wakaanza kumpigia makofi. Shuleni walimu wenzake walimwuliza anakunywa nini. Nami nilipiga makofi pamoja nao, huku moyoni nikiungua. Nilimwonea wivu Nafula. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo lililoharibu macho yangu. Mtu mwenye wivu haoni mgonjwa, anaona mshindi.

Basi likaja lile jambo. Mwezi wa sita mkebe wangu ulikuwa umefika chini. Nikaangalia mkebe wa Nafula, ambao kwa mwinamo wa rafu ulikuwa umesogea mpaka ukagusana na wangu, nikakuta uko zaidi ya nusu. Tulikuwa tumenunua siku moja. Nilichota kijiko kimoja nikijiambia kwamba nitamwambia. Kesho yake nikachota kingine. Kwa wiki tatu nilikunywa poda ya Nafula kila jioni, nikingojea alalamike, naye hakulalamika. Na nikichota niliona wazi kwamba hakuna kijiko kingine kilichoingia mle isipokuwa changu, kwa kuwa niliacha poda imelala kwa namna fulani na nikaikuta imelala vilevile. Nafula alikuwa ameacha kunywa. Halafu Jumamosi tukaenda kwa mizani, mshale wake ukarudi nyuma zaidi ya wiki zote.

Mtu mwenye akili angejiuliza: kama hanywi poda, anapunguzwa na nini? Mimi nilijiuliza: ana dawa gani anayonificha? Siku moja alipokwenda kuoga nilipekua mkoba wake. Nilikuta vipande vya chaki, karatasi ya chooni na chupa ya maji ya lita mbili, tupu. Niliufunga mkoba nikiwa nimekasirika zaidi, kwa kuwa nilidhani dawa yenyewe ameificha shuleni. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya wingu zima nikitafuta mwavuli wa mtu.

Anayejua Nyeri anaijua Julai yake. Jua halionekani, nguo hazikauki, na watu hushika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Hakuna anayekunywa maji baridi Julai. Nafula aliyanywa. Alikunywa ya mfereji asubuhi yakiwa baridi kama barafu, akanywa jagi zima akirudi kazini, akalala na chupa kando ya mto na kuamka mara nne au tano kwenda haja. Nami nilikuwa na jibu tayari: Kocha alisema maji mengi. Mama Gathoni hakuwa na jibu, alikuwa na macho tu. Alinisimamisha mferejini nikifua.

“Huyu mwenzako anakunywa maji kama nini?”

“Ni masharti ya mazoezi.”

“Na wewe hauko na masharti?”

Niliendelea kufua. Akasema, “Hata ng'ombe yangu haikunywi maji Julai, mpaka niipashie. Mtu wa kutamani maji na baridi hii ni mgonjwa. Mpeleke hospitali.”

“Mama Gathoni, yeye ametoka kwa joto. Huko kwao wanakunywanga maji.”

Nilitunga uongo huo papo hapo, wala sijawahi kufika Bungoma. Yeye alinitazama, akachukua ndoo yake na kwenda.

Shule zilifungwa mwezi wa nane. Jumapili ya kwanza ya likizo, saa kumi alasiri, wale akina mama wa Jumatano walikuja mlangoni kwetu, wanne, wamevaa vitambaa vyao vya kichwani, wakiongozwa na Mama Gathoni. Huku kwetu mtu akisemekana ni mgonjwa hasubiri kuitisha wageni. Wanakuja wenyewe, wanaingia, wanaimba wimbo mmoja, wanaomba, kisha mkubwa wao anakuuliza usoni unaumwa na nini, na hutoki hapo bila kusema. Mmoja alibeba jagi la uji wa kuchachusha, mwingine unga wa mahindi. Nafula alikuwa amelala nyuma ya pazia, amelala tangu atoke kanisani, na nilikuwa nasikia pumzi yake.

“Tumekuja kuona mgonjwa,” Mama Gathoni akasema.

Nikasimama katikati ya mlango. “Hakuna mgonjwa hapa. Nafula ameenda gym.”

Mama Gathoni aliangalia chini. Raba za Nafula za mazoezi, zile nyeupe zenye kamba za samawati, zilikuwa kando ya mlango mbele ya miguu yake. Aliziangalia kwa muda ambao mpaka leo naweza kuupima. Wale wengine nao wakaziangalia. Mama Gathoni alinikabidhi jagi la uji, akasema, “Akirudi, mpee hii,” na wakaondoka mmoja mmoja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Kulikuwa na aibu, ndiyo, ya kuombewa kama watu waliojinyima chakula mpaka wakaugua. Lakini si hiyo. Ikiwa Nafula alikuwa mgonjwa, basi poda haikuwa imefanya lolote, wala mizani, wala makofi, na mimi nilikuwa nimevipa vitu hivyo mwaka wangu. Nilihitaji Nafula awe mzima ili niendelee kutumaini. Niliufunga mlango kwa ajili yangu mwenyewe.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta Nafula amekaa kitandani, ametapika kwenye beseni, anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu aliyepanda mlima. Nilimwinamia kumuuliza kulikoni. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikafikiri: stroberi. Nikafikiri: kumbe jana alikunywa poda, imemkataa. Nilifikiri hivyo, mimi niliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hakugusa poda ile kwa miezi miwili. Nilimwekea maji karibu, nikamwambia apumzike, nikavaa sweta na kwenda kazini kuchapa hati za kesi.

Saa nne Mama Gathoni alikuja kuchukua jagi lake. Ndivyo alivyosema siku zote, kwamba alifuata jagi tu. Alipobisha asijibiwe alisukuma mlango, akamkuta Nafula hajibu vizuri anapoitwa, akamnusa mdomo kama alivyozoea kunusa ng'ombe. Aliita jirani mwenye pikapu ya kubebea kabeji. Walimlaza nyuma juu ya magunia, Mama Gathoni ameshika kichwa chake mapajani, mpaka hospitali kubwa ya hapo mjini. Ofisini simu ililia, na wakili mwenyewe ndiye aliyenipokelea. Nilikimbia kuteremka mpaka sandali ikakatika, nikaingia hospitali na sandali moja.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi. Alisema sukari ya Nafula ilikuwa imepanda kiasi cha kutisha, kwamba mwili wake umeacha kutengeneza kitu cha kuisukuma sukari ilikotakiwa kwenda, na kwamba siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Kiu, kukonda, kwenda haja kila saa, ile harufu ya matunda, vyote vilikuwa njia moja. Kisha akauliza kama alikuwa akitumia dawa yoyote. Nikamwambia kuhusu poda. Akasema poda haiwezi kuleta ugonjwa huu, ila angependa kujua alikuwa akinywa kiasi gani. Mama Gathoni alikuwa amekaa kwenye benchi, kitenge chake kimelowa matapishi, ananitazama.

“Kijiko kimoja,” nikasema. “Kila jioni.”

Daktari akaandika. Uongo wangu haukumdhuru Nafula, maana damu yake ilikuwa imeshasema yote. Lakini nilipewa nafasi ya kusema ukweli mchana kweupe, na mgonjwa amelala chumba cha pili, na nikachagua kuficha kwamba nilijua. Mama Gathoni aliinama akakunja kitenge chake, na hakunitazama tena siku hiyo.

Nafula alipata fahamu kamili siku ya pili. Alikaa wadini wiki mbili, akafundishwa kujidunga, akafundishwa kupima ugali kwa kiganja. Mama Gathoni alienda kila mchana na chupa ya chai isiyo na sukari, na nilimsikia akimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwa fahari kwamba huyu ni msichana wake, wa kutoka Bungoma. Mimi nilienda jioni. Jumamosi ya kwanza nilipita ukumbini kumweleza Kocha Ndegwa, na nikaikuta ukutani picha ya Nafula, “Baada”, amesimama na mikono kiunoni, mashavu yamezama, anatabasamu. Aliyempiga picha ile alikuwa amempiga mtu anayekufa. Nilimwambia Kocha aitoe.

“Lakini amepungua ama hajapungua?” akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote usoni.

Niliibandua mwenyewe, na gundi ikatoka na rangi ya ukuta. Sikurudi tena pale. Mikebe yote miwili niliimwaga katika debe la ndama aliyekuwa amezaliwa zizini kwa Mama Gathoni bila kumwomba ruhusa, na ndama akalamba mpaka chini. Nafula alihamishwa kwenda kwao mwisho wa mwaka. Tuliandikiana mwanzoni, kisha salamu za sikukuu, kisha kimya cha watu wanaopendana lakini kuna kitu kati yao ambacho mmoja hataki kukipita. Mimi nilibaki Nyeri. Nilinenepa, nikaolewa, nikalea. Mama Gathoni aliuza ploti akarudi Endarasha, na kila nilipomtembelea tuliongea juu ya mvua na bei ya maziwa. Hakuwahi kunitajia zile raba. Mara nyingine nilitamani angenitajia, anitukane, yaishe.

Sasa Nafula alikuwa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, amemaliza mukimo wake uliopimwa, na watu walikuwa wakianza kukunja hema. Nikaona kwamba nisipolisema hapo sitalisema kabisa.

“Nafula,” nikamwambia, “ile poda yako nilikuwa nachota mimi. Mwezi wa sita na wa saba. Nilijua wewe hukunywi. Nilijua, na daktari akaniuliza, nikamwambia unakunywa. Na hawa akina mama walipokuja na uji niliwafukuza ukiwa umelala hapo ndani.”

Aliweka sahani chini ya kiti, akapangusa vidole kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, kama alivyokuwa akipangusa chaki.

“Sikuwa nimelala,” akasema. “Niliwasikia. Nikafurahi ulipowafukuza, kwa sababu niliogopa wataniuliza. Na hiyo ya mkebe najua, Mukami. Nilikuona ukichota.”

“Na hukusema?”

“Kila jioni nilikuwa naangalia imefika wapi. Unajua ile rafu ilikuwa imelala, lakini si rafu ilisukuma mkebe kwako. Ni mimi. Nilikuwa nausongeza kwako kidogo kidogo ndio uone haupungui. Nilikuwa nangojea uniulize kwa nini sikunywi.”

Akanishika goti. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, mkono wa mtu aliyeshiba. Nikajikaza, nikamuuliza, baada ya miaka kumi na tisa, “Kwa nini ulikuwa hukunywi?”

“Ilikuwa tamu sana. Kila kitu kilikuwa tamu, hata mate. Na nilikuwa nimeona sisimizi wakizunguka kwa ndoo yangu ya usiku, na nyanya yangu alikufa na sukari, nikajua ni nini. Nikaogopa kuwa wa kwanza kusema. Nilitaka mtu mwingine aseme kwanza.”

Tulikaa hapo tukiangalia wanaume wakipanga mawe pembeni mwa kaburi. Aliyesema kwanza tulikuwa tumemzika saa saba.